Papa Simon Kimbangu: Miaka 30 Kifungoni Bila Kisasi



Maisha ya Papa Simon Kimbangu mmeyasikia mara nyingi. Kila tarehe 6 Aprili na kila tarehe 12 Oktoba tunayasimulia, watoto wanaimba, fanfari inapiga, kisha kila mtu anarudi nyumbani kwake. Safari hii tunaomba kuyasimulia kwa njia nyingine kidogo, kwa sababu kuna jambo linalotuhuzunisha katika makutano yetu. Watu wanakuja kusali na hasira tumboni. Huyu hakulipwa mshahara wa miezi mingi. Yule alinyang'anywa kiwanja chake. Mwingine alifukuzwa katika urithi na ndugu wa tumbo moja. Wanapiga magoti, wanatoa matoleo, halafu wanaondoka na hasira ile ile waliyoingia nayo, na usiku inawanyima usingizi. Basi tumejiuliza: mtu aliyefungwa miaka 30 kwa kuwaombea wagonjwa, yeye hasira yake aliiweka wapi?

Papa Simon hakuandika kitabu cha maisha yake. Kwa hiyo jibu itatupasa kulitafuta katika hatua zake, mahali alipokwenda na mahali alipokataa kwenda.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, nchi ya Bakongo, upande wa Mbanza-Ngungu, mji ambao Wabelgiji waliuita Thysville. Baba yake alikuwa Kuyela na mama yake Luezi. Walifariki yeye akiwa bado mtoto, akalelewa na mama yake mdogo, Kinzembo. Juu ya mama huyo wazee wa Nkamba husimulia habari moja ambayo tunaipenda sana. Siku moja misionari mzungu alifika mbio kijijini, watu wenye hasira wakimfuata nyuma, naye akapata kimbilio kwa watu wa nyumba hiyo, akapewa maji na chakula, na kabla ya kuondoka akamwombea baraka mtoto aliyekuwa pale. Masimulizi haya huja kwa namna zaidi ya moja, lakini yote yanatupeleka kwenye jambo hilo hilo: mtoto Simon alikulia kwa watu ambao hawakuogopa kusimama kati ya mwenye hasira na yule anayekasirikiwa.

Wala tusidhani kwamba hasira ya Bakongo wa siku zile ilikuwa ya bure. Kati ya mwaka 1890 na 1898 reli ilijengwa kutoka Matadi mpaka Léopoldville, na watu wengi sana walikufa katika kazi ile. Kabla ya reli mizigo ya wazungu ilipanda milima juu ya vichwa vya wapagazi. Kodi ilidaiwa kwa nguvu. Ugonjwa wa usingizi ulimaliza vijiji, na mwaka 1918 ikaja homa kubwa ya mafua iliyoua watu duniani kote. Kila nyumba ilikuwa na msiba wake, na kila msiba ulimtafuta mtu wa kulaumiwa.

Papa Simon alibatizwa mwaka 1915 katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete, pamoja na mke wake, Mama Muilu Marie. Akawa mwalimu wa dini. Mwaka ule wa homa, 1918, alianza kusikia mwito wa Mungu wa kuwatunza kondoo zake, na kama Yona alikimbia. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi. Wazee wanasema alifanya kazi huko miezi kadhaa bila kupata mshahara wake. Ninyi mnaotusoma mnajua uchungu wa jambo hilo kuliko tunavyoweza kuuandika! Hakuvunja kitu, hakuiba kitu ili kujilipa mwenyewe. Alirudi Nkamba mikono mitupu, na mwito ulikuwa unamngoja pale pale alipouacha.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliingia katika nyumba ya mama mmoja mgonjwa, Kiantondo, akamwekea mikono kwa jina la Yesu, na mama yule akapona. Habari zikatembea upesi. Watu wakaacha kazi mashambani na kwa wazungu, wagonjwa wakabebwa kutoka hospitali, magari ya moshi yakajaa watu wanaokwenda Nkamba. Papa Simon alifundisha Biblia, akawaambia watu waache wake wengi, waache ngoma za uchafu, na watupe minkisi, yaani sanamu na dawa za uchawi.

Hapo kwenye minkisi tunaomba tusimame kidogo, maana wengi wetu hupita haraka. Tunafikiri ni vita vya dini juu ya miti iliyochongwa, basi. Lakini kati ya minkisi ile kulikuwa na aina moja iliyoitwa nkondi. Mtu aliyeibiwa, au aliyefiwa na kudhani jirani amemloga, alikwenda kwa nganga. Nganga alichukua msumari au kipande cha chuma akakipigilia katika mwili wa sanamu, ili kuiamsha na kuikasirisha, iende ikamwinde mkosaji popote alipo, imtie ugonjwa au kifo. Kila msumari ulikuwa kesi ya mtu. Sanamu iliyokaa miaka mingi ilijaa misumari kutoka kifuani mpaka miguuni. Mkikumbuka hayo mtaelewa watu walitupa nini walipoacha minkisi yao kando ya njia za kwenda Nkamba. Walitupa silaha ya kisasi. Mtu aliyekuwa amempigilia jirani yake msumari, akautupa ule mti porini, tangu siku hiyo hakuwa na kitu cha kumlinda wala cha kumlipizia isipokuwa Mungu. Ni jambo la kutisha kidogo. Sisi leo hatuna sanamu nyumbani, lakini tuna majina ya watu tunayoyapigilia kila usiku kabla ya kulala.

Serikali ya Wabelgiji iliingiwa na hofu. Mei 1921 mkubwa wa serikali wa Thysville, aliyeitwa Morel, alifika Nkamba kutazama. Tarehe 6 Juni alirudi na askari ili kumkamata. Risasi zikalia, damu ikamwagika, vitu vya watu vikaporwa. Papa Simon aliponyoka, na kwa miezi mitatu alifundisha kwa siri, akifichwa na watu kijiji hata kijiji.

Katika miezi hiyo mitatu tunaona jambo ambalo halisemwi sana. Maelfu ya watu walikuwa tayari kwa ajili yake, watu waliochoshwa na kodi na fimbo. Walio na bunduki za kuwindia walikuwako, walio na panga wote walikuwako. Nabii aliyepigiwa watu wake risasi angeweza kusema neno moja tu na nchi yote ya chini ingewaka moto. Neno hilo hakulisema. Na Septemba 1921 alirudi Nkamba kwa miguu yake mwenyewe akajitoa mikononi mwa askari, akiwataka wanaomfuata wasirudishe ubaya kwa ubaya. Mtu anayetafuta kusulubiwa kwa ajili ya sifa hakimbii mwezi wa sita. Naye angekuwa mwoga, hangerudi mwezi wa tisa. Alikimbia hasira ya wengine, na alirudi alipokuwa ameshinda ya kwake: hivyo ndivyo sisi tunavyosoma hatua zile.

Alipelekwa Thysville mbele ya tribinali ya askari, chini ya Kommanda de Rossi. Hakupewa wakili. Mashtaka yalikuwa kwamba anachochea watu waichukie serikali na wazungu. Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ikatoka: fimbo 120, kisha kifo.

Hapa tena kuna jambo ambalo hasira haipendi kulikumbuka. Kati ya walioomba asiuawe walikuwamo wamisionari wa Kibatisti, wazungu, ingawa wengi wao hawakukubaliana na mambo ya Nkamba. Novemba 1921 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Hasira hupenda kuwaweka watu wote wa rangi moja au kabila moja katika gunia moja na kulifunga. Habari hii ya mwaka 1921 inalitoboa gunia hilo.

Alifungwa minyororo, akatolewa kwao Kongo ya chini, akaletwa huku kwetu Elisabethville, yaani Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1500. Alikuwa na umri wa miaka 34. Aliacha mke na wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda, mdogo wao akiwa na miaka mitatu tu. Na Mama Muilu hakuishi naye tena hapa duniani.

Juu ya mateso ya buloko kuna masimulizi mengi, na kila msimulizi ana lake. Hatutayarudia, maana tumeona kwamba mara nyingi yanasimuliwa ili kuamsha hasira mpya, na hilo si kusudi letu. Yatosha kusema kwamba alikaa humo tangu 1921 mpaka 1951. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kufungwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto siku ile ya kufa kwake. Nje ya ukuta mji ulikua, moshi wa kiwanda cha shaba ulipanda, vita vya pili vya mataifa vilikuja vikaisha. Desemba 1941, katika mji huo huo, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa migodi waliodai mshahara zaidi, wengi wakafa. Kila sababu ya kuchukia ilikuwako pande zote za ukuta. Lakini habari zilizobaki zinamtaja Papa Simon kuwa mfungwa mtulivu. Hatusikii kwamba alimpiga mlinzi, wala kwamba aliwachochea wafungwa wenzake, wala kwamba alitoa laana juu ya tribinali ya Thysville.

Hatuwezi kuingia katika moyo wake usiku wa mwaka wa kumi, au wa ishirini. Pengine ziko asubuhi alizoamka na uchungu kama sisi. Hakuwa jiwe. Alikuwa baba asiyewaona wanawe wakikua. Lakini sala si kitu cha siku moja, na yule aliyewafundisha watu kutupa misumari yao alipewa miaka 30 ya kuitupa ya kwake, moja moja, kila ilipojaribu kurudi.

Wakati huo huo walio nje waliteswa. Maelfu ya familia walihamishwa kwa nguvu, wakapelekwa mbali na kwao, wengine Lowa, wengine Ekafera, katika misitu na mito ya Kongo ya juu. Serikali ilitaka kuizima imani. Kumbe iliipeleka bure mahali ambapo isingefika! Wahamishwa walijifunza lugha za huko wakaomba pamoja na watu wa huko. Wako pia wengine waliochukua jina la Papa Simon wakatia ndani yake tumaini la kisasi: siku atakaporudi wazungu watafagiliwa kama takataka. Hatuwahukumu, walikuwa watu walioumizwa. Ila hawakulipata hilo kwake.

Mama Muilu Marie alibaki katika nchi ya nyumbani, akichungwa na serikali, akilima, akiwatunza waamini kwa siri, usiku. Angeweza kuwalea wale watoto watatu katika uchungu. Nani angemlaumu? Matokeo tunayaona katika maisha yao: Kisolokele na Diangienda walisoma katika shule ya serikali huko Boma, kisha wakafanya kazi katika ofisi za serikali ile ile iliyomfunga baba yao, wala hawakuweka sumu katika chai ya mtu.

Papa Simon alifariki tarehe 12 Oktoba 1951 katika hospitali ya wafungwa hapa Elisabethville, akazikwa hapa.

Baada ya kifo chake mateso hayakuisha mara moja. Katika miaka ya 1956 na 1957 waamini wapatao 600 walitia sahihi barua kwa Gavana Mkuu Pétillon. Waliomba jambo ambalo mtu wa hasira asingeweza kulifikiria: ikiwa serikali inaona imani yao ni kosa, basi wao watakusanyika wote katika uwanja mkubwa wa michezo wa Léopoldville bila silaha, na serikali iwafunge au iwaue pale pale, wote pamoja, mambo yaishe. Hawakutisha mtu, hawakujificha. Nadhani hata sisi wenyewe hatujapima vema uzito wa barua ile. Walioiandika walikuwa na ndugu waliokufa uhamishoni. Serikali haikuthubutu, na kabla ya mwaka 1957 kwisha mkono wake ulianza kulegea. Januari 1959 Léopoldville iliwaka ghasia na watu wengi wakauawa. Tarehe 24 Desemba mwaka huo huo kanisa lilikubaliwa na serikali kwa sheria. Mama Muilu hakuiona siku hiyo. Alikuwa amelala tangu tarehe 27 Aprili.

Wapendwa, mtu asije akadhani kwamba kuacha hasira ni kusema ubaya haukuwa ubaya. Wale 600 walitaja ubaya kwa jina na kuuweka mezani kwa Gavana. Katika kikundi chetu cha sala kuna dada mmoja, mzaliwa wa Kasai. Mwaka 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa Katanga na watu wakalala miezi penye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari la moshi, alipoteza nyumba yake. Aliporudi baada ya miaka mingi alimkuta jirani wa zamani anaishi ndani, pazia zake dirishani. Alifungua kesi, na kesi hiyo bado ipo. Alituambia kwamba kwa miaka minne alipita njia ya nyuma ili asikutane na jirani yule, na kila alipoomba sala ya Bwana alinyamaza alipofika kwenye sehemu ya deni. Siku moja alipita njia ya mbele akamsalimu. Jirani hakuitikia. Siku ya pili akamsalimu tena. Nyumba bado hajaipata, na hakimu anajua kwamba hajaiacha. Lakini usingizi ameupata.

Tulipomsikia tuliona haya. Kwa maana sisi tunaojiita watoto wa Papa Simon tumegawanyika, na wako kati yetu wanaopishana njiani wakiwa wamevaa kijani na nyeupe bila kusalimiana. Walioimba katika kwaya moja leo hawaketi katika matanga ya wenzao. Tunasema ni kwa ajili ya kweli. Inawezekana. Papa Simon naye alikuwa na kweli, wala hakuiacha, na hakumchukia Morel kwa ajili yake.

Mwanzoni mwa Aprili 1960, miezi mitatu kabla ya Uhuru, mwili wake ulitolewa katika ardhi ya Elisabethville ukapelekwa Nkamba. Tarehe 3 Aprili makutano makubwa waliupokea kwa nyimbo. Hatusikii kwamba katika njia ile duka la mzungu lilivunjwa kwa ajili yake.

Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kijeshi ya nchi yetu ilifuta hukumu ya Thysville, miaka 90 baada ya kutolewa. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Wenye kumhukumu walikuwa wamekufa zamani, hakuna aliyebaki wa kuja kuomba msamaha. Naye alikuwa amelala Nkamba miaka 51.